Siku Nilipopiga Kelele Babu Akiwa Ameinama

Leo uso wangu nimeuacha Konde. Uko kwenye chumba cha nyuma cha duka la Bwana Jivan, chini ya meza, karibu na mguu wa kushoto. Atakayeuokota asinirudishie. Sina pa kuuvaa.

Naandika haya kabla ya Magharibi, nimejifungia banda la kuku. (Si kwa kupenda. Ndipo mahali pekee hapa kijijini ambapo hakuna wa kuniuliza kitu.) Naandika kwa ajili yenu nyinyi wawili mnaolala kulia na kushoto kwangu bwenini, maana shule ikifunguliwa habari itawafikia tu, na bora muipate kwangu kuliko kwa watu wa Konde. Watu wa Konde wataiongeza chumvi. Mimi sina haja ya kuongeza kitu, yenyewe inatosha.

Nianze na Babu.

Babu yangu, Mzee Shaame, alikuwa maka wa klabu ya maofisa kule Chake kwa miaka ishirini na zaidi. Maka ni yule mtu wa kupanga mipira kwenye meza ya snuka na kuhesabu alama. Ndiyo kazi aliyoandikiwa. Lakini ofisa akikosa wa kucheza naye humwita maka amshike mkono, na maka huyu akawapiga wote. Waliokuja na fimbo zao ndani ya mikoba ya ngozi aliwapiga. Waliokuja na fimbo za ukutani aliwapiga. Mwisho wakawa wanawaleta wageni kutoka Unguja makusudi, wapate kucheka mgeni akipigwa. Hana kikombe hata kimoja (vikombe vilikuwa vya wanachama), lakini ukisema bingwa wa snuka, Pemba nzima inajua unamsema nani.

Halafu klabu ikauza meza. Wakampa Babu mkono wa kwaheri, wakampa na saa ya ukutani, akarudi kwetu Kiuyu. Tangu hapo hana raha. Anachuma karafuu kishada kimoja kimoja, jicho moja amelifumba, kana kwamba kila kishada kina alama zake. Mchana anaingia jikoni kwa Bibi na kuzipanga ndimu pembetatu. Bibi amechoka.

"Mume wangu," aliniambia juzi (bibi zenu nao huwaita hivyo, msijifanye), "huyu mume wangu mkubwa asipopata meza, nitampanga yeye pembetatu nimweke nje."

Basi mwezi huu Bwana Jivan akaleta meza.

Bwana Jivan ni mwenye duka la nguo pale sokoni. Wazee wake walitoka Kachi, kule Bara Hindi, lakini yeye kazaliwa Konde, na Kipemba anakisema kuliko mimi niliyeharibiwa na shule. Meza kaipata Mombasa. Ni ndogo, nusu ya ile ya klabu, mifuko yake mipana, mipira yake kumi na mitano ina namba, ukiondoa ule mweupe wa kupigia. Mchezo wenyewe unaitwa puli. Akatangaza dukani kwake kwamba anataka mtu mmoja wa kumlipa mshahara awe mchezaji wa nyumba: kila jioni acheze na wageni, awafundishe wasiojua, apige brashi kitambaa cha meza. Wakajitokeza wawili. Mmoja ni Rashidi, karani wa ghala la karafuu, kijana wa Unguja aliyejifunza puli bandarini Mombasa. Wa pili ni Babu.

"Mtacheza," akasema Bwana Jivan. "Atakayeshinda mara mbili, kazi yake."

Konde ikagawanyika. Fundi Makame wa cherehani, ambaye kibaraza chake kinatazamana na duka, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wasioamini.

"Mzee Shaame ni bingwa, sikatai," alikuwa akisema huku anakanyaga cherehani. "Lakini bingwa wa meza kubwa. Hii ndogo ina mambo yake. Mimi nashona makanzu. Mnaweza kunipa kofia ya viua, ile ya matundu ya kudarizi kwa mkono, nishone? Si uzi ule ule? Si sindano ile ile?"

"Ah, yakhe, wewe hata kanzu zenyewe hujui," akajibiwa, na mjadala ukaishia kwenye kanzu.

Mimi nilikuwa upande gani? Hapo ndipo penye aibu yangu. Kwa mdomo nilikuwa upande wa Babu. Moyoni nilikuwa upande wa Fundi Makame.

Nilikuwa na sababu. Karatasi ya sheria ilikuja ndani ya sanduku la mipira, Kiingereza kitupu. Bwana Jivan akauliza nani ataisoma, na watu wote wakanigeukia mimi, maana ndimi peke yangu niliyevaa viatu. Nyinyi mnajua nilivyo. Mwalimu akiniuliza swali husogea mpaka dawatini kwangu ainamishe sikio. Basi ilikuwa hivyo hivyo: mimi namnong'oneza Bwana Jivan, Bwana Jivan anawapazia watu. Mipira saba ina rangi tupu. Mipira saba ina mstari. Kila mchezaji na saba yake. Umalize yako yote, ndipo uutie mfukoni ule mweusi wenye namba nane, na hapo umeshinda. Ukiutia mweusi kabla ya wakati wake, umeshindwa papo hapo, hata kama mwenzako hajatia hata mmoja.

Niliposoma hilo la mwisho nikamfikiria Babu. Kwenye snuka mweusi ndiyo mali. Unatia mwekundu, unatafuta mweusi. Unatia mwekundu mwingine, unautafuta tena mweusi, maana una alama saba na hakuna wa kuupita. Miaka ishirini Babu ameishi hivyo. Mkono wake unaujua mweusi kama mnavyojua njia ya jikoni.

Na mazoezi ndiyo yaliyonimaliza kabisa. Meza hatuna, kwa hiyo tulitumia sakafu ya kuanikia karafuu. Mifuko ilikuwa miduara sita ya mkaa. Mipira ilikuwa ndimu. Bibi alizitia rangi ile anayotilia ukili wa mikeka, na ndimu ya mweusi akaipaka masizi ya sufuria. Fimbo ilikuwa ufito. Babu analala kifudifudi kwenye sakafu, mzee mzima, na mimi nachutama karibu yake.

"Babu, mweusi mwisho."

"Najua."

Anapiga ndimu nyekundu, inaingia. Anageuka na ufito. Pa! Mweusi umekwenda.

"Babu."

"Nkono huo," anasema. "Si mimi. Nkono."

Siku ya kwanza mara tano. Siku ya pili mara tatu. Jana jioni nikadhani tumepona, akapiga vizuri mipira sita mfululizo, nikaanza kutabasamu, kisha mkono ukaenda zake. Ndimu ya masizi ikabingirika mpaka miguuni kwa Bibi. Bibi akaiokota, akaikamulia kwenye mchuzi wa papa. Mchuzi ulikuwa na rangi ya mvua.

Usiku mzima nilikuwa nasema moyoni mweusi mwisho, mweusi mwisho.

Leo Ijumaa, baada ya sala, tulikwenda Konde kwa miguu. Babu kavaa koti lake la kazi, lile jeusi la klabu, na kofia nyeupe. Alisema moja tu, kwa sababu Bwana Jivan alikwishanichagua mimi kuwa maka wa mchezo. (Rashidi mwenyewe alikubali. "Huyu kijana hana sauti ya kupendelea mtu," alisema, na watu wakacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane nimeumia.)

"Sheria ya maka ni moja," Babu akaniambia. "Ntu akiinama, wewe ni ukuta. Ukuta haukohoi. Ukuta haupigi chafya. Hata nyumba ikiwaka moto, ungoje apige kwanza. Umefahamu, mume mwenzangu?"

"Nimefahamu, Babu."

"Mimi miaka yote ile sijamsemesha ntu aliyeinama. Siku moja nge alipanda suruali ya ofisa wa forodha. Nilimngoja apige."

"Ikawaje?"

"Alitia mwekundu. Halafu nge akamtia yeye mwiba."

Chumba kilikuwa kimejaa mpaka dirishani. Meza katikati, kijani, nzuri, lazima niseme. Bi Jivan alikuwa ameweka birika la sharubati ya ukwaju kwenye kaunta, bilauri moja moja kwa kila anayenunua. Rashidi alikuwepo tayari, nywele zinang'aa mafuta, fimbo yake mwenyewe mkononi. Babu akaizunguka meza mara moja, polepole, mikono nyuma.

"Mzee wangu," Rashidi akasema, "mbona unaitazama hivyo? Unatafuta nusu yake nyingine?"

"Natafuta pa kukuketisha ukichoka," Babu akajibu.

Watu wakacheka. Mimi nikapanga mipira. Pembetatu yangu ikawa na pembe nne, na ilibidi nianze tena.

Mchezo wa kwanza Babu alipigwa. Nasema kweli, alipigwa vibaya. Alikuwa anapima nguvu za meza kubwa. Mpira mweupe ulikwenda, ukagonga ukingo, ukarudi, ukagonga mwingine, ukatembea meza nzima kama mtu aliyepoteza funguo, mwisho ukaingia mfukoni wenyewe. Mara mbili hivyo. Rashidi akamaliza mipira yake yote, akautia na mweusi bila hata kuinama sana.

"Nilisemaje?" Fundi Makame akauliza watu wote. "Kofia ya viua."

Babu aliomba maji, akanywa, kisha akalaza kiganja juu ya kitambaa cha meza na kukiacha hapo, kama unavyompapasa ng'ombe mgeni kabla ya kumkamua. Akaniambia, "Panga, maka." Hakuniita mjukuu. Mezani mimi ni maka.

Mchezo wa pili alikuwa mtu mwingine. Alipiga taratibu, mweupe ukasimama anapotaka. Mara mbili mweusi ulikaa wazi kabisa mbele ya fimbo yake, na mara mbili alipiga kitu kingine. Alimaliza saba yake. Ndipo akautia mweusi, mwisho, kama karatasi inavyosema. Nilitaka kumkumbatia. Nilisimama ukutani nikiwa ukuta.

Wakawa sare, mchezo mmoja kila mtu.

Mchezo wa tatu watu walisogea karibu. Hata wa dirishani waliingiza vichwa. Walikwenda sambamba, huyu anatia, huyu anatia, mpaka Babu akabakiwa na mmoja tu, mwekundu namba tatu, na Rashidi akabakiwa na wawili wenye mstari. Zamu ikawa ya Rashidi. Hakuona pa kutia, akafanya ujanja: akaupiga mweupe kidogo tu, ukaenda kujificha nyuma ya mipira yake miwili. Mwekundu wa Babu ulikuwa upande wa pili, karibu na mdomo wa mfuko wa katikati. Babu hawezi kuufikia moja kwa moja. Njia imefungwa.

Na ule mweusi ulikuwa wapi? Mwisho wa meza, mdomoni kabisa mwa mfuko wa pembeni. Umekaa hapo umejilegeza. Mtoto wa miaka mitatu angeupuliza ungeingia.

"Haya, Mzee wangu," Rashidi akasema kwa upole. "Karibu."

Babu akazunguka meza. Akatazama mwekundu. Akatazama mipira miwili ya Rashidi. Akatazama mwisho wa meza. Akapaka chaki ncha ya fimbo, akapuliza vumbi. Akainama.

Fimbo ilikuwa inautazama mweusi.

Nikahamisha macho, nikarudisha. Fimbo bado inautazama mweusi. Nikainama kidogo nipate kuona vizuri (ukuta hauinami, najua). Hakuna kitu kingine upande ule. Ni mweupe, kitambaa kitupu, mweusi, mfuko. Nikamtazama Babu usoni. Jicho moja kalifumba, uso umetulia, kama vile alivyotulia jana juu ya sakafu ya karafuu kabla ya ndimu ya masizi kwenda kwenye mchuzi.

Nikasema moyoni: ni mkono. Mkono umemchukua. Sasa hivi atautia mweusi, atashindwa, atarudi Kiuyu kupanga ndimu mpaka siku ya kufa kwake, na mimi niliyesoma sheria nimesimama hapa hatua mbili tu kutoka kwake.

Mimi ni ukuta.

Mkono wake ukarudi nyuma.

Lakini ukuta huu una babu.

"Babu, si huo, mweusi mwisho!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Sijawahi kuisikia. Haikuwa sauti yangu, ilikuwa ya mtu mnene. Bi Jivan aliangusha bilauri. Mbuzi wa nje akajibu. Mtu aliyekuwa amelala kibarazani kwa Fundi Makame, ng'ambo ya barabara, aliamka akauliza moto uko wapi.

Na fimbo ya Babu ikaruka. Kidogo tu, upana wa ukucha. Mweupe ukaenda mbio, ukaukuta mweusi katikati ya kifua, na mweusi ukaingia mfukoni.

Tup.

Babu alibaki ameinama vile vile, shavu karibu na fimbo. Kisha akafumbua jicho la pili.

Rashidi ndiye aliyesema kwanza, kwa adabu kabisa, na adabu yake iliniumiza kuliko matusi.

"Maka. Nani kashinda?"

Ndiyo kazi ya maka, jamani. Kutangaza. Nikafungua mdomo.

"Mshindi ni Bwana Rashidi," nikasema.

"Hatusikii," akasema Fundi Makame.

"Mshindi ni..."

"Hatusikii, mwanangu. Tulipokuwa hatukuhitaji umesikika mpaka Wete, sasa tunakuhitaji umerudi kunong'ona."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata Bwana Jivan. Hata wale wa dirishani ambao hawakuona kitu walicheka kwa kuwaona wenzao wanacheka. Nilitazama chini ya meza, na hapo ndipo nilipoudondosha ule uso niliowaambia.

Kicheko kilipopungua, mmoja wa wenzake Rashidi wa ghalani akasema, "Mazoea tu. Mzee kaufuata mweusi wake wa snuka."

"Nilisemaje?" akasema Fundi Makame.

Babu akasimama wima. Hakuwa amekasirika. Alivuta koti lake chini, lile la klabu, likakaa sawa.

"Sikuufuata," akasema.

"Tumeona, Mzee."

"Hamkuona. Nchezo umekwisha, Rashidi kashinda, sirudii. Lakini naomba mipira irudishwe ilivyokuwa. Si kwa kushindana. Kwa kuonesha."

Nikaenda kuirudisha. "Wewe kaa," akaniambia. Nikakaa. Rashidi mwenyewe akairudisha, mmoja mmoja, kwa uangalifu: miwili yake pale, mwekundu pale, mweusi mdomoni mwa mfuko. Babu akainama pale pale, fimbo ikatazama pale pale. Na safari hii hakuna aliyekohoa.

Akapiga.

Mweupe ukaenda moja kwa moja kwenye mweusi. Hivyo ndivyo macho yangu yalivyosema, na macho yangu yalikuwa yanadanganya. Ukapita ubavuni mwake. Nafasi ya kupitisha karatasi. Mweusi haukutikisika. Mweupe ukagonga ukingo wa mwisho, ukageuka, ukarudi meza nzima nyuma ya mipira ya Rashidi, ukausukuma mwekundu kwa ubavu, na mwekundu ukaingia mfuko wa katikati bila kelele.

Fundi Makame akakaa chini. Hapakuwa na kiti, akakaa tu.

"Kule klabuni," Babu akasema, "ofisa akishindwa hukufichia mpira hivi hivi. Kazi ya snuka nusu yake ni kufichwa na kufichuka. Huu ndio mpira nnaoujua kuliko yote."

Sasa mnafahamu nilichofanya? Babu alikuwa hakusahau kitu. Kajifunza meza mpya ndani ya mchezo mmoja, na ile mbinu ya kumpa kazi kaitoa kwenye meza yake ya zamani. Aliyekuwa hakubadilika ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa bado kule sakafuni na ndimu.

"Tena, Mzee," Rashidi akasema. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa amechuchumaa, jicho sawa na meza.

Babu akapiga tena. Ukaingia tena. Waliokuwa nje wakasukumana waingie. "Tena, Mzee." Wale waliokwishaona wakawa wanawaeleza wasioona, wote wana kiu kwa kusema, na birika la sharubati likaisha. Bi Jivan akaleta la pili. Bwana Jivan alikuwa amesimama nyuma ya kaunta. Alimtazama Babu, akalitazama birika, akamtazama tena Babu, na nikaona kabisa biashara inapita usoni pake.

Akagonga kaunta.

"Jamani. Neno langu ni neno langu. Rashidi kashinda, kazi ya jioni ni yake."

"Ahsante," akasema Rashidi. "Lakini ule mpira nataka nifundishwe."

"Ndilo nnalolisema. Kumbe wako watu wa kuja mchana kufundishwa, na mimi nilitaka meza ilale mpaka jioni. Mzee Shaame, uwe mwalimu wa nyumba. Asubuhi mpaka Alasiri. Mshahara kama wa Rashidi. Ila nina sharti moja tu, usinione vibaya, ni huyu mjukuu wako, naomba asi..."

"Nimekubali," akasema Babu.

Hakungoja hata Bwana Jivan amalize. Nyinyi fikirini. Babu yangu, aliyenilea, aliyenipeleka shule.

"...asiingie chumba hiki meza ikiwa na mtu," Bwana Jivan akamalizia.

"Hata ikiwa haina mtu," Babu akasema.

Tulirudi Kiuyu kwa miguu. Nilitembea nyuma yake hatua kumi. Habari ilikuwa imetutangulia na lori la abiria, kwa sababu kila tuliyempita alimwamkia Babu, akampa hongera ya ualimu, kisha akanitazama mimi na kuweka kidole mdomoni. Hata mtoto mmoja aliyebeba maji. Hata yeye.

Karibu na nyumbani Babu akapunguza mwendo, nikamfikia.

"Ulidhani nimesahau," akasema.

"Ndiyo, Babu. Nisamehe."

"Jana nilisahau. Juzi nilisahau. Ungekuwa njinga usingeogopa." Akatembea kidogo. "Lakini sakafuni nlikuwa nacheza na ndimu. Leo nlikuwa na meza. Ungenitazama mimi, si fimbo."

"Nilikutazama, Babu. Ulikuwa umefumba jicho."

"Basi si lazima ulifumbue wewe kwa kelele."

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mnazi. Alipotulia akaniuliza kama kweli mbuzi alijibu, maana yeye hakuwa na uhakika. Nikamwambia alijibu. Akacheka tena, na safari hii na mimi nikacheka kidogo, kwa heshima.

Bibi alikuwa mlangoni.

"Ehe. Nani kashinda?"

"Kashinda mume wako mdogo," Babu akasema, akaingia ndani kuvua koti. Ikabidi nimweleze Bibi yote tangu mwanzo, na nilipofika kwenye ile sauti akanitaka niirudie, apate kujua ilikuwa kubwa kiasi gani. Nikakataa. Akasema bila kuisikia haamini. Nikaja huku kwa kuku.

Kesho asubuhi Babu anaanza ualimu. Amekwishapiga pasi koti, na jikoni kwa Bibi ndimu zimelala ovyo kwenye kikapu. Mimi nimepewa ruhusa ya kumsindikiza mpaka sokoni tu. Basi nimegundua kwamba sauti ninayo, tena kubwa. Kilichobaki ni kujifunza saa ya kuitoa, na mwalimu pekee anayejua somo hilo amekubali nisiingie darasani kwake.